Mwenye digrii isiyo ya ualimu akisoma PGDE mwaka mmoja, aingie darasani au mlango ufungwe?

Mwanzisha mada

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake maana kila tangazo la ajira za walimu likitoka kelele ni zilezile, kwa nini wanaruhusiwa watu waliosoma digrii zisizo za ualimu wakaongezea PGDE, yaani ile stashahada ya uzamili ya elimu ya mwaka mmoja, wakati waliosoma ualimu miaka mitatu chuo kikuu wamejaa mtaani. Wapo wanaotaka mlango huo ufungwe kabisa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari ya kata hapahapa Dar, na nimepokea walimu wa mazoezi wa kila aina, wa BEd (digrii ya ualimu), wa diploma, na hao wa PGDE. Msimamo wangu ni kwamba mlango usifungwe, ila huo mwaka mmoja uwe mwaka wa darasani kwelikweli, sio kukaa lekcha miezi kibao halafu wiki chache za TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ndo mtu anaitwa mwalimu.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja kijana ana digrii nzuri tu ya hesabu, yuko kidato cha kwanza anafundisha namba hasi. Kaandika ubaoni −3 − 5, akauliza jibu, darasa zima likaitika "naneee". Akasema hapana, ni hasi nane, akafuta akaenda swali linalofuata, nalo wakakosa vilevile, na lililofuata. Sasa wale watoto hawakubahatisha. Wameshakaririshwa kwamba hasi kwa hasi ni chanya, ambayo ni kanuni ya kuzidisha, wakaibeba mzimamzima mpaka kwenye kutoa. Mwalimu aliyezoea akiisikia tu hiyo "nane" anajua imetoka wapi, anachora mstari wa namba, anamsimamisha mtoto kwenye hasi tatu anamwambia rudi nyuma hatua tano, umefika wapi? Limeisha. Yule kijana hesabu anaijua sana, hilo silipingi, asichokijua ni namna mtoto anavyoikosea, na hicho hakipatikani kwenye noti za chuo.

Mmarekani Lee Shulman aliliandika hili mwaka 1986, kwamba kuna kulijua somo, kuna kujua ualimu kwa ujumla, na kuna ujuzi mwingine kabisa wa kujua somo lile linavyofundishika kwa mtu asiyelijua. Kwa hiyo kwangu swali la nani ana digrii gani ni dogo. Swali ni huo ujuzi anaupata wapi na chini ya nani.

Mhitimu wa 2019

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu sana lakini hapa lazima niseme. Mimi nilichagua ualimu mwenyewe kutoka form six, sikusukumwa, nikasoma BA na elimu, Jiografia na Kiswahili, nimesoma saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, TP nimeenda, nimemaliza 2019 na mpaka leo sina ajira, najitolea shule moja huku Mbagala nalipwa posho inayotokana na michango ya wazazi, mwezi mwingine ipo mwezi mwingine haipo. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira nimeenda, tuko ukumbi mzima watu wa masomo yaleyale wanaogombea nafasi za kuhesabu. Halafu pembeni yangu amekaa mtu amesoma mambo ya biashara, kazi ya benki imekosekana ndo anakumbuka ualimu, kasoma mwaka mmoja, tunagombea nafasi moja. Ualimu umefanywa kimbilio la kila aliyekwama, na sisi tulioupenda toka mwanzo ndo tunaoumia. Mlango ufungwe mpaka walioko mtaani waishe.

Injinia wa Tabata

Kaka pole sana na hayo unayopitia, ila mimi ni mmoja wa hao unaowasema kwa hiyo nisikilize na mimi. Nimesoma uhandisi wa umeme, nimefundisha tuisheni fizikia tangu nikiwa mwaka wa pili chuo kwa sababu ilinilipia chumba, na huko ndo nimejigundua kwamba kazi ninayoiweza na kuipenda ni hii. PGDE nimejilipia kwa hela hiyohiyo ya tuisheni. Nafasi ninayoitafuta ni ya fizikia, sidhani kama inakunyang'anya wewe ya Jiografia.

Ila mwanzisha mada yuko sahihi kwenye TP na mimi nimeyaona kwa macho yangu, chuo chenyewe sitakitaja. Msimamizi alikuja katikati ya kipindi, akakaa nyuma, nilikuwa nafundisha shinikizo kwenye vimiminika, akajaza fomu yake, akaniambia sauti yako inafika nyuma, andalio la somo limepangika, punguza kusimama mbele ya ubao, akaondoka kuwahi shule nyingine. Hakuna aliyeniuliza kama watoto wameelewa. Na yule mwalimu wa fizikia wa pale nilipofika tu alinikabidhi madarasa yake yote akashukuru Mungu, sikumlaumu maana alikuwa peke yake shule nzima. Kwa hiyo mimi nilijifunza ualimu kwa kupapasa mwenyewe, na waliolipia huko kupapasa kwangu ni watoto wa watu.

Mama wa Chanika

Mimi sio mwalimu ni mzazi tu naomba niseme kidogo. Mwanangu yuko kidato cha pili na mwaka huu ana mtihani wa taifa. Daftari lake la fizikia nimelifungua juzi, kurasa zilizoandikwa hazijai mkono, na hizo zenyewe ni noti alizonakili kwa mwenzie wa darasa jingine. Nikauliza shule nikaambiwa mwalimu wa fizikia alihamishwa tunasubiri mwingine. Sasa nyie mnabishana nani ana haki ya hiyo kazi, na kweli ni kazi zenu mna haki, lakini hapo katikati kuna mtoto amekaa kipindi kizima hakuna mtu mbele. Akija injinia aje, mradi awe anajua kuongea na watoto na asiwe wa kupita tu akipata kazi kwingine anaondoka katikati ya mwaka.

Mzee wa Magomeni

Wanangu, nimestaafu lakini nimeona mengi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kila mtoto aende shule na walimu hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanafunzwa huku wanafundisha, ndio walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wengine walikuja kuwa walimu hodari sana, wengine waliteseka na watoto wakateseka nao. Halafu zikaja shule za kata, mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari kama 1,300 hivi, kufika 2010 zimepita 4,000, walimu watatoka wapi? Wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa. Mnakumbuka jina walilopewa, voda fasta, na lile jina liliwaumiza hata wale waliojituma. 2016 tena, vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwenye diploma maalumu ya ualimu wa sayansi wakarudishwa nyumbani.

Ninachokiona mimi, kila mara tunashtuka upungufu ukishakuwa mkubwa, tunakimbilia njia ya mkato, kisha tunaikataa kwa hasira na waliopita humo wanabaki na aibu isiyo yao. Hii PGDE isitendewe hivyo. Mtu ana digrii, somo lake analijua, huyo sio wa wiki chache. Lakini na mimi nasema mwaka mmoja wa makaratasi haumtoshi.

Mhitimu wa 2019

Mzee shikamoo, nimekusoma. Na mama pole. Sawa, kwa fizikia na hesabu sina ugomvi, kwanza hata sisi wa sanaa tunajua hali ilivyo, shule ninayojitolea Jiografia tuko wengi na hesabu hakuna mtu. Basi serikali iseme wazi kwamba PGDE ni kwa masomo yenye upungufu tu. Mtu wa sosholojia au wa biashara anasomeshwa PGDE ya nini leo? Chuo kinachukua ada, yeye anakuja kuongeza foleni. Huko sio kumsaidia ni kumdanganya.

Mwanzisha mada

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye foleni umesema ukweli na vyuo vinatakiwa vilisikie. Kwenye kuajiri nakubaliana na wewe asilimia mia, kipaumbele kiende kwenye somo lenye upungufu na aliyesomea ualimu wa somo hilo atangulie. Kwenye kusomesha ndo nasita kufunga, kwa sababu mahitaji yanabadilika. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, watoto wanatakiwa wasome ufundi, kilimo, tehama, wapo watu wenye digrii za mambo hayo na hawajawahi kusomea ualimu, hao utawapitisha wapi kama umeshafunga mlango? Wakenya wenzetu TSC yao, tume inayosajili na kuajiri walimu, haikusajili ufundishe sekondari kwa digrii isiyo ya elimu mpaka uwe na PGDE. Hawakuuondoa mlango, wameufanya wa lazima.

Ila ndani ya huo mlango kuna nini, hapo ndo kwenye shida. Uingereza anayesomea ualimu baada ya digrii, ile PGCE yao ya mwaka mmoja, anatakiwa akae shuleni siku zisizopungua 120, na wa fizikia na hesabu wanapewa hela ya kuwavutia wasome. Sisemi tuige kila kitu, wana uwezo wao. Lakini hapa kwetu daktari akimaliza chuo anafanya utarajali mwaka mzima hospitali chini ya mkubwa wake. Mwenye digrii ya sheria haendi mahakama kuu kutetea mtu mpaka apite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Kwa nini kwa mwalimu tunaona wiki kadhaa za TP na fomu ya msimamizi zinatosha? Tumeamua wenyewe kwamba kazi yetu ni nyepesi, ndo maana na wengine wanaiona nyepesi.

Ninachopendekeza mimi: mtu wa PGDE apangiwe shule moja, aripoti Januari shule zikifunguliwa, aondoke Novemba. Apewe mwalimu mwenyeji wa somo lilelile, na huyo mwenyeji apunguziwe vipindi na alipwe kitu, maana mwenye vipindi vyote vya shule nzima huwezi kumwambia akae nyuma amwangalie mtu. Masomo ya nadharia yawe likizo na Jumamosi. Na mtihani wake mkubwa uwe ni kule darasani, akae na madaftari ya watoto aseme huyu kakosea hivi kwa sababu hii na kesho nitafanya hivi. Akishindwa hilo arudie.

Mama wa Chanika

Mwalimu samahani, sasa huyo atakuwa anajifunzia kwa mwanangu mwaka mzima?

Mwanzisha mada

Swali zuri mama na ndo maana nasisitiza mwenyeji. Mwezi wa kwanza huyo mgeni hafundishi peke yake, anakaa na watoto wanaobaki nyuma, anasahihisha, anaona mwenzie anavyofanya. Akianza kufundisha mwenyewe mwenyeji yumo humohumo darasani. Leo hivi mnavyopokea wa TP anaachiwa darasa siku ya kwanza, hapo ndo wanapojifunzia kwa watoto wenu bila mtu wa kuwashika mkono. Na shule isiyo na mwalimu wa fizikia kabisa kama ya kwenu isipewe mwanafunzi wa PGDE, ipewe mwalimu kamili kwanza.

Mhitimu wa 2019

Kama kukaa darasani mwaka mzima ndo kipimo, basi na sisi tunaojitolea tuhesabiwe. Nimesimamia mitihani, nimekuwa mwalimu wa zamu, vidato viwili vimepita mikononi mwangu mpaka necta, halafu kwenye usaili nakaa sawa na aliyemaliza juzi ambaye hajagusa chaki.

Mwanzisha mada

Hilo lina haki yako kabisa. Barua ya mkuu wa shule, ratiba ya vipindi ulivyofundisha, na matokeo ya somo lako, vikaguliwe na wathibiti ubora halafu vipewe alama zake kwenye usaili. Injinia, na wewe ukiajiriwa usikubali kwenda shule ambayo utakuwa peke yako mwaka wa kwanza, ukipangiwa hivyo andika kuomba uunganishwe na mwalimu wa fizikia wa shule jirani, hata kama ni siku moja tu kwa wiki.