Teodolaiti ya shaba kutoka kwa muuza vyuma kuukuu: niisafishe au niiache ilivyo?

Nyambura_Umoja

Hamjambo nyote. Jumamosi nilikuwa Gikomba natafuta mapazia, nikamkuta jamaa wa vyuma kuukuu kafungua sanduku la mbao nyekundu. Ndani imelala teodolaiti, kile chombo cha wapima ardhi cha kupimia pembe: cha shaba, chenye darubini, skrubu kila pembe na duara lenye tarakimu. Mizani ilikuwa tayari. Kwake yeye shaba ni shaba, inauzwa kwa kilo. Tulivutana bei mpaka tukaelewana, na makanga naye akanitoza nauli ya kiti cha pili kwa sababu ya hilo sanduku.

Kimeandikwa E. R. Watts & Son, London, na namba. Shaba imekuwa ya kahawia, kwingine karibu nyeusi. Kichupa kimoja cha pima maji kimekauka. Nikichungulia naona mstari wa kusimama tu, wa kulala haupo, na kila kitu kiko kichwa chini miguu juu: matatu za Outering zinapita zikiwa zimelalia paa! Kimeharibika? Nikisafisheje? Na je, naweza kukitumia kuhakikisha mpaka wa ploti yetu ya Ruai? Bikoni moja (ile alama ya kona ya ploti) haionekani na jirani ameanza kuchimba msingi.

Kevo_Kamukunji

Dada umeokota mali. Brasso na kitambaa, sugua mpaka uone sura yako. Penye weusi sugu, msasa laini unamaliza kazi. Wenye mahoteli wanapenda vitu vya kung'aa, ukitaka mnunuzi niambie.

Mzee_wa_Bikoni

Kevo kijana wangu, weka huo msasa chini kabla hujamtia mtu hasara.

Nyambura binti yangu, hongera kwa kukitoa kwenye mizani. Mimi nilianza kazi hii nikiwa mshika cheni, nikastaafu nikiwa fundi wa upimaji, na vyombo vya ukoo huo nimevibeba begani milima na mabonde. Darubini yako ni nzima. Za zamani zilionyesha picha kichwa chini kwa sababu kuigeuza kunahitaji lenzi za ziada, na kila lenzi inakula mwanga. Baadhi ya rodi za kupimia zilichorwa tarakimu kichwa chini ili zisomeke sawa. Ukizoea, hata hutaona tofauti.

Sasa shaba. Ule ukahawia si uchafu wote. Kiwandani ilipakwa vanishi ya sheleki, nayo huzeeka na kuiva rangi. Brasso ina unga wa kusugua, inaikwangua yote, na mnunuzi anayejua akiona teodolaiti inang'aa kama sufuria ya harusi anashusha bei papo hapo. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni duara. Tafuta kidirisha kidogo pembeni mwa sahani ya chini, uangalie kwa kioo cha kukuzia. Utaona ukanda mwembamba wa fedha uliopachikwa ndani ya shaba, na juu yake mistari ambayo jicho tupu linaipata kwa shida. Mistari hiyo ilichongwa kwa mashine ya kugawanya duara. Hiyo ndiyo chombo chenyewe, hayo mengine yote ni ya kuibeba. Ukiisugua inafifia, na hakuna fundi wa Kirinyaga Road atakayekurudishia. Nimeona moja kwenye ofisi ya bwana mmoja, inameremeta ajabu, na duara lake jeupe tupu. Alikuwa anaegeshea kalamu.

Kwa hiyo: brashi laini ya kuchorea, kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, na subira. Spiriti usiguse, inayeyusha sheleki. Mafuta ya kupikia yanaganda, usithubutu. Skrubu ikikaza, weka tone la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, kisha uiache mpaka kesho yake. Koleo libaki kwenye sanduku la baba yako. Lenzi zifutwe upande wa nje tu, baada ya kupuliza vumbi. Kichupa kilichokauka kimepasuka mahali, usijaribu kukijaza maji. Hushikiliwa kwa plasta ndani ya mrija wake, na kukibadilisha ni kazi ya fundi.

Huo mstari uliopotea ni uzi wa buibui. Sikutanii. Ndani ya darubini kuna pete ndogo iliyoshikwa na skrubu nne, na nyuzi zake zilitolewa kwa buibui kwa sababu ni nyembamba, zina nguvu na hazikatiki ovyo. Anachukuliwa buibui mdogo, anaachwa aning'inie kwenye waya uliopindwa panda, na waya unazungushwa polepole huku yeye akishuka, uzi unajivingirisha wenyewe. Kisha uzi unalazwa kwenye mikwaruzo miwili iliyoko juu ya pete, unapewa unyevu kidogo, unavutwa ukakaza, na kila ncha inashikizwa kwa tone la sheleki. Mwalimu wangu wa kazi aliifanya hiyo chini ya mwembe, ameshikilia pumzi, na sisi tumekatazwa hata kupiga chafya. Kabla hujaenda mbali lakini, hakikisha pete yako si ya kioo kilichochorwa. Kama ni kioo, mstari haupotei, umefunikwa na ukungu tu.

Ruai: hapana. Chombo kinaweza, wewe huwezi. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, kazi ya mpaka ni ya mpima ardhi mwenye leseni, na kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa. Mtafute mwenye leseni leo, kabla jirani hajafika kwenye linta.

Halima_wa_Pangani

Mzee amesema yote ya kusafisha. Mimi nakusanya vitu hivi, niongeze la umri. Jina la kampuni ndiyo kalenda yako. Watts waliungana na Adam Hilger mwaka 1948 wakawa Hilger & Watts, kwa hiyo chako, chenye jina la zamani, ni cha kabla ya hapo. Ukikutana na Cooke, Troughton & Simms jua ni cha 1922 au baadaye, maana ndipo Cooke na Troughton & Simms walipoungana. Angalia pia kama kuna kishale kipana kilichogongwa kwenye shaba au kwenye sanduku: hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Sanduku usilitupe wala usilipige rangi. Sanduku la asili ni sehemu kubwa ya bei. Na chombo hulala kwa namna moja tu, kwa hiyo kifuniko kikikataa usikikalie, kuna kitu umekigeuza.

Tahadhari moja: mtu akikuuzia dira ya kijeshi ya zamani yenye rangi ya kung'aa gizani, usiifungue. Nyingi zilipakwa redium, na rangi ikikauka hupukutika unga. Yangu imekaa ndani ya kioo chake na itakaa hivyo.

Mimi penzi langu ni cheni ya Gunter, mnyororo wa zamani wa kupimia urefu wa ardhi. Futi 66, pingili 100, na kila pingili kumi kuna kipande cha shaba chenye meno: jino moja, mawili, matatu, manne, halafu cha mviringo katikati. Uzuri wake ni hesabu: cheni kumi za mraba ni eka moja kamili. Ukishaijua hiyo unaanza kuwauliza madalali wa Nairobi maswali mabaya. Wanauza ploti ya futi 50 kwa 100 wakiiita eka moja ya nane. Eka moja ya nane ni futi za mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Hizo 445 waulize wao.

Nyambura_Umoja

Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Kidirisha nimekiona na mistari ipo yote, nusura nilie. Ruai nimempigia sevea mwenye leseni, anakuja. Lakini chombo nataka nikitumie hata kwa kujifunza. Nitajuaje kama bado kinasema kweli?

Mzee_wa_Bikoni

Marahaba. Panda nacho juu ya paa asubuhi, kabla joto halijaanza kuchezesha hewa. Chukua kichupa kizima cha pima maji, lete kiputo chake katikati kwa skrubu za miguu, zile za kusawazishia zilizo chini ya chombo, halafu zungusha chombo nusu duara. Kiputo kikikimbia, nusu ya ukimbiaji wake irudishe kwa skrubu za miguu. Nusu inayobaki ndiyo kosa la kichupa.

Kisha lenga kitu cha mbali kisichotikisika. Ncha ya Times Tower ukiweza kuiona inafaa. Lenga kwa ule mstari wa kusimama, unatosha kwa kazi hii. Soma duara. Pindua darubini, zungusha chombo, lenga palepale, soma tena. Masomo mawili yanatakiwa kutofautiana digrii 180 kamili. Ikizidi dakika 4 (digrii moja ina dakika 60), kosa la darubini ni dakika 2, yaani karibu sentimita 6 kwa kila mita 100. Wala usikimbilie kurekebisha zile skrubu nne, hasa kama nyuzi ni za buibui. Pima pande zote mbili, chukua wastani, na kosa hilo linajifuta lenyewe. Ndivyo tulivyofanya hata kwa vyombo vipya vya kampuni ya Wild kutoka Uswisi.

Usielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja, utapofuka. Na usikisimamishe barabarani. Mtaa utajaa watu wanaouliza kama barabara inapita kwao, na kabla ya saa sita kuna mtu ameshaota alama ya X nyekundu ya kubomolewa kwenye ukuta wake. Chumba chako kikipimwa pembe zake nne, jumla lazima iwe 360. Anza na hiyo.

Nyambura_Umoja

Sawa Mzee. Shida ni miguu mitatu, haikuwa kwenye sanduku.

Kevo_Kamukunji

Msasa nimeweka chini, Mzee. Miguu tunaweza kutengeneza, mbao ya mvule na viatu vya chuma. Nipe vipimo.

Mzee_wa_Bikoni

Vipimo vya mdomo havifai, Kevo. Uzi wa skrubu ya chini ya hivi vyombo ni wa Kiingereza wa zamani, haulingani na nati za dukani. Nyambura apeleke kitako kinachofungwa kwenye miguu peke yake, si chombo kizima wala sahani yenye duara, nawe uchonge kichwa cha miguu kikiwa mkononi mwako. Kichwa kiwe cha shaba au alumini. Cha chuma kitavuta sindano siku akifunga dira juu yake.

Kevo_Kamukunji

Nipo nyuma ya soko, Jumatano hadi Jumamosi. Aulizie Kevo wa masufuria.