"Uneasy" ni "si rahisi"? Tangazo la boti limenikwamisha

Mtafsiri_Mkoani:
Asalaam aleikum wajuzi. Natafsiri tangazo la abiria wa boti ya Unguja na Pemba. Sentensi yenyewe hii: "Some passengers may feel uneasy as the boat passes Nungwi." Nimeandika "baadhi ya abiria huenda wakaona si rahisi boti ikipita Nungwi", nikaambiwa nimechemka. Kamusi inasema "-enye wasiwasi", lakini nikiweka wasiwasi abiria si watadhani boti inazama? Nielezeni na matumizi ya neno lenyewe, nisirudi tena na suali hili hili.

Maalim_Gulioni:
Waaleikum salaam. Aliyekwambia kasema kweli. Umelikata neno vipande viwili: "un" ukaifanya "si", "easy" ukaifanya "rahisi". Sasa "easy" ina maana mbili, urahisi na raha, na "uneasy" imeshika ile ya raha. Ni kukosa raha, kutotulia. Kinyume cha mtihani rahisi ni "difficult" au "hard". Anayeandika "The exam was uneasy" kakosea, na skuli kosa hili ni sugu.

Matamshi: a-NII-zi, s inasomwa z. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chenyewe, kwa hivyo hapo huna kazi. Usianze na "yu" tu.

Mwenye hali akiwa mtu, fuatisha "about": "She feels uneasy about travelling at night." Usiandike "uneasy to travel". Kinacholeta hali hiyo kinachukua "make": "That man makes me uneasy." Likitangulia nomino, linasema jambo lenyewe limelegalega. "Uneasy silence" ni kimya ambacho kila mmoja anangoja mwenzake aanze. "Uneasy peace" ni amani ambayo watu wanaishi nayo bila ya kuiamini. Anayeeleza Zanzibar ya baina ya Muafaka wa 1999 (mapatano ya CCM na CUF) na uchaguzi wa Oktoba 2000 hatafuti neno jengine.

Bi_Mkarafuu:
Maalim kamaliza sarufi, mimi nina neno na hiyo kamusi. Wasiwasi wetu umebeba mengi. Anayerudia udhu kila akidhani umetenguka ana wasiwasi. "Nina wasiwasi naye" maana yake simwamini. "Uneasy" ni nyepesi kuliko hayo: roho haijatulia, na mara nyingi mwenyewe hajui kwa nini. Akiijua sababu, mara nyingi Mwingereza husema "worried". Mikono ikimtetemeka kabla ya usaili, "nervous". "Anxious" ni nzito zaidi na ina mtego wake: "anxious about the results" ni hofu ya matokeo, lakini "anxious to see you" ni shauku. Usije ukamwandikia mgeni kwamba ana hofu ya kukuona.

Jengine ni barua za ofisini. Mwingereza akikuandikia "I am a little uneasy about clause 4", ukitafsiri "nina wasiwasi kidogo" umempoteza bosi wako. Huyo anakataa kwa adabu. Andika "sijaridhika na kifungu cha 4". Hiyo "a little" ni ya kulainisha maneno, haina kipimo ndani yake.

Kusi_Tupu:
Mmeeleza lugha, tangazo mmeliacha gatini. Mtafsiri, sentensi inayofuata inasemaje?

Mtafsiri_Mkoani:
"Bags are available from the crew."

Kusi_Tupu:
Basi kwisha. Hilo ni tumbo. Neno la wazi lingekuwa "queasy" au "seasick", aliyeandika kapunguza makali asitishe watu. Bahati nzuri Kiswahili kinatumia roho kwa yote mawili: roho haijatulia ni ya fikra, roho inachafuka ni ya tumbo. Andika hivi: "Chombo kikipita Nungwi, baadhi ya abiria huenda wakachafukwa na roho. Mifuko ipo, waombeni wahudumu." Neno "kutapika" usilitie kabisa, wapo watakaoanza kabla boti haijatoka bandarini Malindi, Unguja.

Maalim_Gulioni:
Nakubali, na suali langu lingekuwa hilo hilo. "Feel uneasy" ikiwa peke yake ni ya moyo; ikifuatwa na mifuko, dawa au chakula ni ya tumbo. Usitafsiri sentensi moja moja.

Mtafsiri_Mkoani:
Nimebadilisha, ahsanteni. Je, "kichefuchefu" hakifai?

Bi_Mkarafuu:
Kinafaa, ila kina harufu ya hospitali. Kuchafukwa na roho ndiyo lugha ya botini. Na tangazo likibandikwa miezi ya kusi, upepo mkali wa kusini, hiyo "baadhi" ifanye "wengi".