Mjadala: Pathofiziolojia na huduma ya mtu kamili, liwe somo moja au mawili?

MLETA MADA
Wadau wa uuguzi, naleta hoja tuijadili. Katika mitaala mingi ya shahada ya kwanza, pathofiziolojia, yaani elimu ya jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili, inafundishwa kivyake: seli, uvimbe, mshtuko (viungo kukosa damu ya kutosha), figo, moyo. Pembeni yake kuna somo jingine linalomfundisha mwanafunzi kumwona mgonjwa akiwa mtu kamili mwenye mwili, akili, familia, kipato na imani. Mwanafunzi anafaulu yote mawili, anafika wodini, na hajui lini atumie lipi. Msimamo wangu ni kwamba yaunganishwe, na hilo la pili lisibaki peke yake.

(Nasema "mtu kamili" makusudi. Ukiandika "huduma ya mtu mzima" nusu ya darasa itadhani unazungumzia wodi ya wasio watoto.)

Chukueni mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha. Figo zinapata damu kidogo, na hazina namna ya kujua kwamba tatizo liko kwenye moyo. Zinafanya kama mwili umekaukiwa maji. Zinatoa kimeng'enya kiitwacho renini, inatengenezwa homoni ya anjiotensini II, mishipa inabana, homoni ya aldosteroni inaamka, chumvi inazuiwa isitoke, na chumvi ilipo maji hufuata. Kilo 1 iliyoongezeka ghafla ni takriban lita 1 ya maji. Ndiyo maana tunamwambia ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa mizani ile ile na nguo za uzito ule ule, na atoe taarifa akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3.

Sasa mgonjwa huyu hamezi furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, siku ya safari. Kidonge kinaanza kumkojoza ndani ya saa moja na kinaendelea kwa muda wa saa 6 hadi 8, na njiani hakuna choo. Somo la mtu kamili litaandika "hafuati matibabu". Pathofiziolojia haitaandika chochote. Lakini choo kukosekana ni kiungo cha mnyororo ule ule: hakuna choo, kidonge hakimezwi, chumvi inabaki, maji yanarudi mapafuni, usiku anaanza kulalia mito mitatu badala ya mmoja ili aweze kupumua. Muuguzi anayeuona mnyororo mzima atakubaliana na daktari kusogeza saa ya kumeza siku ya safari, badala ya kumhubiria mgonjwa umuhimu wa dawa.

MWALIMU WA FIZIOLOJIA
Ndugu mleta mada, mfano wako unapendeza kwa sababu wewe umeshaijua njia ya renini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajaijua. Ukimpa vyote kwa pamoja atashika kile chepesi kusimulia, yaani safari na choo, na renini itabaki kuwa neno la kukariri.

Niwape mfano ninaouhofia zaidi. Mtu wa kilo 70 ana damu karibu lita 5. Akipoteza hadi 15%, kama mililita 750, vipimo vinaweza visibadilike kabisa. Kati ya 15% na 30% mapigo ya moyo yanavuka 100, pumzi zinaongezeka, vidole vinapoa, lakini namba ya juu ya shinikizo la damu bado imesimama. Inayotoa siri ni namba ya chini, kwa kuwa mishipa imebana. 120/80 inakuwa 116/94. Tofauti ilikuwa 40, sasa ni 22. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mshtuko ni shinikizo kushuka ataandika "hali nzuri" na kupita kitanda cha pili. Namba ya juu ikianza kuanguka, mara nyingi zaidi ya 30% ya damu imeshatoka.

Na kuna jambo jingine. Mgonjwa huyu anahangaika, anajigeuza, anasema anaogopa. Huo ni mwili uliojaa adrenalini na ubongo unaoanza kupungukiwa damu. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuliwaza kabla ya kupima atavuta kiti, atamshika mkono, atamtuliza. Dakika 20 zinapita. Msiniambie huo ni utu.

Somo libaki kivyake, na saa zake zisiguswe.

MKUFUNZI WA HUDUMA YA MTU KAMILI
Mwalimu, hapo umetuonea kidogo. Kuvuta kiti bila kupima hatukufundishi popote. Lakini tazama mfano wako kwa upande wa pili: nani atajua kwamba kuhangaika kule ni kugeni? Ni muuguzi aliyezungumza na mgonjwa jana, akajua ni mtu mtulivu, akasikia mke anasema "huyu leo si yeye". Namba 116/94 peke yake haimshtui mtu. Namba hiyo pamoja na "leo si yeye" inamfanya muuguzi amwite daktari sasa hivi. Kumjua mtu ni kipimo cha mapema, na kinapotea tukikiita mapambo.

Hata hivyo nami napinga kuunganisha, kwa sababu tofauti na yako. Masomo haya yakiunganishwa kwa haraka, mtu kamili anageuka kuwa ukurasa wa mwisho wa mhadhara: "zingatia pia mahitaji ya kisaikolojia, kijamii na kiroho". Dakika 5 za mwisho, watu wanafunga madaftari. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni ustawi wa kimwili, kiakili na kijamii, na mwaka 1977 daktari George Engel akaonya kwamba tiba inayotazama seli tu haitoshi. Kila mkufunzi anayajua haya, na bado somo letu linatafutiwa kona.

Kisha kuna ujuzi ambao hauji wenyewe. Kuuliza ni ujuzi. "Una msongo wa mawazo?" inajibiwa "hapana" na mazungumzo yanaisha. "Usiku unaamka mara ngapi, na ukiamka unawaza nini?" inafungua mlango. "Unameza dawa zako?" inajibiwa "ndiyo". "Wiki iliyopita ni siku gani ilikuwa vigumu kumeza?" inatoa jibu la kweli, maana imeshamruhusu kukiri. Mambo haya yanahitaji saa za mazoezi wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiwa mgonjwa, na wa tatu akiandika maneno yaliyotumika. Hayo utayabana wapi katikati ya mhadhara wa figo?

MCHANGIAJI MWENYE SHAKA
Samahani kuingilia, ila kuna jambo linakwepwa. Chini ya mwavuli wa mtu kamili, katika baadhi ya vyuo duniani yamepenyezwa mambo yasiyo na ushahidi, kama kupitisha mikono juu ya mwili wa mgonjwa ili "kupanga nishati" yake. Mwaka 1998 lilichapishwa Marekani jaribio la msichana Emily Rosa, aliyelibuni akiwa na umri wa miaka 9. Watoa tiba hiyo 21 walipitisha mikono kwenye tundu za ubao bila kumwona, wakatakiwa kusema mkono wake uko karibu na mkono wao upi. Walipatia mara 123 kati ya 280, yaani 44%. Kubahatisha tu kungewapa 50%. Yakiunganishwa, mambo ya namna hiyo yatapata heshima ya kukaa meza moja na renini.

MKUFUNZI WA HUDUMA YA MTU KAMILI
Hilo nakubali bila kusita, na litolewe. Lakini usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser waliwatoboa kijeraha cha milimita 3.5 wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kwa wastani kundi la kwanza lilipona kwa siku 48.7, la pili siku 39.3. Kidonda ni kile kile, na kupona kwake kunapimika. Tofauti ya siku 9 imetoka kwenye maisha ya mtu. Hiyo utaiweka somo gani?

MLETA MADA
Hapo hapo! Kotisoli, homoni ya msongo, ikikaa juu kwa muda mrefu inazuia ishara zinazoziita seli za kinga kwenye jeraha, na sukari kwenye damu inapanda. Hiyo ni pathofiziolojia tupu, na sababu yake ni mtu asiyelala kwa kumwuguza mzazi. Ukiitenganisha, upande mmoja unabaki na homoni isiyo na chanzo, mwingine unabaki na huruma isiyo na kipimo.

Na kuhusu ushahidi, muunganiko ndio kinga. Mgonjwa wetu wa moyo anatafuna urukususu, mzizi mtamu wa dawa za asili, kwa ajili ya kifua. Anayesema "tuheshimu tiba za asili" ataacha. Anayesema "ni imani tu" atapuuza. Aliyesoma mnyororo atajua kwamba urukususu unazuia kimeng'enya cha figo kinachozima kotisoli, hivyo kotisoli inafanya kazi ya aldosteroni: chumvi inabaki, potasiamu inatoka. Furosemaidi nayo inatoa potasiamu. Akiwa pia anatumia digoksini, dawa ya moyo, potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo. Swali "unatumia nini kingine nyumbani?" hapo ni sehemu ya kumpima mgonjwa.

MSIMAMIZI WA WANAFUNZI WODINI
Nyote mnabishana kuhusu ratiba, ila uharibifu mimi nauona kwenye karatasi ya mpango wa uuguzi. Sentensi inayojirudia ni hii: "Upungufu wa maarifa unaotokana na kutojua ugonjwa." Hapo hakuna kilichosemwa. Au: "Wasiwasi unaotokana na kulazwa. Hatua: mpe msaada wa kisaikolojia. Tathmini: wasiwasi umepungua." Msaada upi, umepungua kutoka wapi hadi wapi?

Zoezi linalofanya kazi ni karatasi tupu moja. Mwanafunzi anaandika dalili moja katikati, mfano "anashindwa kulala chali". Anachora mishale ya kurudi nyuma, na kila mshale lazima usomeke kwa neno "kwa sababu". Hasimami mpaka njia moja imfikishe kwenye seli au homoni na nyingine imfikishe nyumbani kwa mgonjwa. Kisha anarudi juu ya kila mshale na kujibu mawili: muuguzi anaweza kuukata wapi, na atajuaje kwamba umekatika, kwa kipimo gani, saa ngapi.

Kinachoharibika ni hiki. Wengi wanachora mishale inayopita juu ya hatua, mfano "chumvi nyingi" moja kwa moja hadi "kubanwa pumzi". Mkufunzi asipouliza "kwa sababu gani?" mara tatu hapo katikati, karatasi inakuwa picha nzuri isiyofundisha. Na wengine wanaandika "umaskini" kama mwisho wa njia. Umaskini ni mpana mno. Hauwezi kukatwa na muuguzi wa zamu. "Dawa za mwezi zinaisha siku ya 20" unaweza kukatwa.

Karatasi moja inachukua dakika 50 mwanzoni. Ikifanywa kila wiki inashuka hadi 25 hivi, ila isishuke zaidi ya hapo, ikishuka, wanakopiana.

MWALIMU WA FIZIOLOJIA
Karatasi hiyo naikubali, kwa sharti kwamba mimi nikae chumbani inaposahihishwa. Mkufunzi mmoja hawezi kushika pande zote mbili. Atakazia anachokijua na kingine atakipitisha hivi hivi.

Lakini nini kitatokea kwenye mtihani? Mwanafunzi anasoma kile kinachompa alama. Mtihani ukiuliza "taja hatua za mfumo wa renini", wote mmepoteza muda.

MLETA MADA
Basi nabadilisha hoja yangu kidogo. Muhula wa kwanza wa pathofiziolojia ubaki wa mwalimu, kimsingi na bila kuchanganywa: maji na chumvi, asidi, uvimbe, oksijeni, mshtuko. Mazoezi ya kuuliza nayo yabaki na saa zake. Kuanzia muhula wa pili kila wiki iwe na mgonjwa mmoja, wakufunzi wawili chumbani, karatasi moja.

Na mtihani uwe hivi. Kijana wa kisukari ameacha insulini siku 3. Sukari 28 mmol/L, anapumua kwa kina na haraka, potasiamu 5.4. Swali la kwanza: mwanafunzi mwenzako anasema kijana huyo ana hofu tu, anataka kumfundisha kupumua polepole. Eleza kwa nini ni hatari. (Pumzi zile zinatoa kaboni dayoksaidi ili kupunguza asidi, ukizizuia damu inazidi kuwa chachu.) Swali la pili: kwa nini potasiamu 5.4 isikuridhishe? (Imetoka ndani ya seli, na nyingi imepotea kwenye mkojo, insulini ikianza itairudisha ndani na kipimo kitaporomoka. Ikiwa chini ya 3.3, au 3.5 kwa miongozo mipya, insulini inasubiri potasiamu iongezwe.) Swali la tatu: andika maneno kamili utakayomuuliza kesho akiwa ametulia, ili ujue kwa nini aliacha, na useme jibu lake linabadilisha nini kwenye mpango wa kumruhusu.

MWALIMU WA FIZIOLOJIA
Aliyeshindwa la pili asifidiwe na la tatu. Kila swali liwe na kiwango chake cha kufaulu.

MKUFUNZI WA HUDUMA YA MTU KAMILI
Sawa, na aliyeshindwa la tatu asifidiwe na la pili. Kijana huyo akiruhusiwa bila kuulizwa kwa nini aliacha, wiki ijayo atarudi na potasiamu ile ile.

MSIMAMIZI WA WANAFUNZI WODINI
Sharti hilo la pande zote mbili nalichukua. Limebaki moja ambalo hakuna aliyeligusa: wakufunzi wawili kwa darasa moja ni saa mbili za kufundisha kwa kila saa moja ya ratiba. Mwenye chuo ambacho kimeweza kulipanga hilo bila kuongeza ukubwa wa vikundi aeleze hapa namna walivyofanya, kwa sababu karatasi za wanafunzi 60 hazisahihishwi kwa kusimama mlangoni.