Je, kufundisha kwa kuanza na tatizo kunawezekana katika darasa la wanafunzi sitini?

Mwalimu wa Sayansi, Kisauni
Assalam aleikum, walimu wenzangu. Nakusudia kuianza mada ya michanganyiko, Gredi ya 7, kwa tatizo hili: familia ina kisima ambacho maji yake yalikuwa yakinyweka, lakini sasa yana chumvi hata sabuni haitoi povu, na yakichemshwa mpaka yakauke huacha ukoko mweupe sufuriani. Wanafunzi waeleze chanzo na la kufanya. Mwenzangu anashikilia kuwa mtoto hapewi tatizo kabla hajafundishwa. Mnaonaje?

Mkufunzi wa walimu, Tudor
Wa aleikum salaam, mwalimu. Utaratibu huu ulianzia katika chuo cha udaktari cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, na humu nchini Chuo Kikuu cha Moi kimeutumia kuwafundishia madaktari. Huko makundi ni madogo na kila kundi lina mkufunzi wake, kwa hiyo usiuchukue mzimamzima: wagawe sita sita, kila kundi liwe na mwenyekiti na katibu, nawe uzunguke. Nisichokubali kiachwe ni safu tatu daftarini: tunayoyajua, tusiyoyajua, na mahali tutakapoyapata. Kundi likiandika katika safu ya kwanza kwamba bahari imeingia kisimani, waulize wamejuaje. Wakishindwa kujibu, sentensi hiyo ihamie safu ya pili. Somo lenyewe liko hapo.

Mwalimu wa Kemia, Likoni
Mwenzako ana hoja. Watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika mwaka 2006 kwamba mwanafunzi asiye na msingi huelemewa akikosa mwongozo wa kutosha. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi, na yakivutwa kupita kiasi yale ya chumvi hupanda. Hilo watoto hawataligundua kwa kujadiliana tu. Waache wabishane kipindi cha kwanza, kisha wafundishe waziwazi, ukiwaonyesha yai likizama katika maji matamu na kuelea katika maji yaliyokolea chumvi, ndipo walirudie tatizo lao.

Mwalimu wa Sayansi, Kisauni
Ahsanteni sana. Na alama je, ikiwa mmoja atafanya kazi na watano wakatazama?

Mkufunzi wa walimu, Tudor
Kundi lipate alama kwa zile safu tatu pekee. Maelezo ya chanzo cha chumvi kila mmoja ayaandike peke yake, darasani, daftari likiwa limefungwa.