Naomba ushauri: Manali hadi Leh kwa pikipiki na kikundi, nami nimezaliwa usawa wa bahari

Nanga wa Makupa

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni mkazi wa Mombasa, umri wangu ni miaka 46, na nimepanda pikipiki zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa kazi ya kusambaza vipuri na sasa kwa kujifurahisha, ninapotoka na wenzangu siku za Jumapili hadi Mwatate na kupanda zile kona za kwenda Wundanyi. Pikipiki yangu ni ya sisi (cc) 250.

Rafiki niliyesoma naye Pune amenitumia ratiba ya msafara wa siku 11 huko kaskazini mwa India, mwezi Julai, wa watu kumi, wenye kiongozi wa mbele, fundi, na gari la msaada linalobeba mizigo. Usiku wa kwanza tunalala Manali (mita 2,050), wa pili Jispa (3,200), wa tatu Sarchu (4,290), kisha tunaingia Leh (3,500) na kupumzika siku moja, halafu tunavuka Khardung La ("La" huko ni njia ya kuvukia mlima) kwenda bonde la Nubra, na kutoka huko hadi ziwa Pangong, tunakolala tena juu ya mita 4,200. Pikipiki tutakazopewa ni Royal Enfield Himalayan.

Arbuni inatakiwa kabla ya mwezi huu kwisha, na hairudishwi. Mke wangu ameniambia hatatia neno mpaka niwe nimewauliza watu wanaoijua milima. Basi nauliza: je, uzoefu wangu unatosha? Na ni mambo gani nimbane nayo mwandalizi kabla sijatoa fedha?

Spana Kumi

Ndugu Nanga, mimi ni fundi wa pikipiki hapa Nakuru, kwa hiyo nitasema la chuma na kuwaachia wengine la mwili.

Uliza kwanza ni Himalayan ipi. Ile ya zamani ina injini ya sisi 411 na nguvu za farasi zipatazo 24, na uzito wake unakaribia kilo 200. Iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina sisi 452, hupozwa kwa maji, na ina nguvu za farasi kama 40. Ukiwa peke yako ile ya zamani itakufikisha, lakini ukimpakia mtu nyuma utaijutia. Kwenye kimo cha Khardung La kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Mombasa, na injini yoyote inayovuta hewa kwa kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Mfumo wa kuingiza mafuta kwa kompyuta hupunguza petroli ili ilingane na hewa iliyopo, kwa hiyo hutaona moshi mweusi kama wa kabureta, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Wageni huiona pikipiki imekufa, wakaivutia mafuta huku wameshika nusu klachi, na kabla ya kilele klachi imeungua. Shusha gia mapema, uache injini izunguke.

Kwa kushuka, kona za Wundanyi zimekwisha kukufundisha: gia ndogo, breki kwa vipindi, usiikalie. Uzoefu wako kwa upande huu unatosha. Kilo 200 kwenye mchanga na kokoto ni jambo jingine, kwa hiyo kabla ya Julai tafuta pikipiki nzito, uiangushe kwa makusudi mahali salama, ujifunze kuiinua.

Msafiri wa Matrah

Mimi niko Muscat, na njia hiyo nimeipita na kikundi cha watu tisa, pia kutoka Manali. Nitaeleza niliyoyaona, mengine ni ya kufurahisha na mengine si ya kufurahisha.

Barabara yenyewe ina sehemu nyingi za lami nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tangu Oktoba 2020 kuna handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita tisa, linalopita chini ya mlima wa Rohtang, na limeondoa ile foleni ya matope iliyokuwa ikiwachosha watu siku ya kwanza. Wahindi huendesha upande wa kushoto kama ninyi huko Kenya, hilo nalo ni afueni kwako. Kinachosumbua ni maji. Theluji huyeyuka jua linapopanda, na kijito ulichokivuka asubuhi kikifika kwenye kifundo cha mguu, alasiri kinakufika gotini, nayo mawe ya chini huyaoni. Kiongozi mwenye akili huwaamsha watu gizani ili sehemu zenye maji zipitwe kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo muulize mwandalizi saa ya kuondoka kila siku. Akikuambia ni baada ya kifungua kinywa cha saa tatu, huyo anaendesha hoteli, haendeshi msafara.

Kuhusu kikundi, sisi tulipangwa kwa zamu kama meno ya msumeno kwenye barabara iliyonyooka, na mmoja nyuma ya mwingine kwenye kona. Aliye dhaifu aliwekwa wa pili, nyuma ya kiongozi mara moja, ili mwendo wa kundi uwe mwendo wake. Wengi humtupa mkiani, naye akalazimika kukimbia siku nzima ili awafikie wenzake, na huko kukimbia ndiko kunakoangusha watu. Katika zile kona 21 za Gata Loops, jambo la maana lilikuwa kupiga honi na kumpisha anayepanda.

Sasa la huzuni. Mwandalizi wetu, ambaye sitamtaja, alituonyesha mtungi wa oksijeni Manali, mzuri, umepakwa rangi mpya. Usiku wa Sarchu mwenzetu mmoja alianza kutapika na kichwa kikamuuma hata hawezi kuinama kufunga viatu, tukaufungua mtungi, ukawa mtupu. Tulikesha naye. Alfajiri akapakiwa kwenye gari, akateremshwa. Alipona, alhamdulillahi, ila safari yake iliishia pale. Usiulize kama wana oksijeni. Waambie wakufungulie, usikie inavyovuma.

Pole wa Kibo

Ndugu Msafiri amegusa mahali nilipotaka kuanzia. Mimi ni mwongozaji wa wageni mlima Kilimanjaro, ninaishi Moshi, na sijawahi kufika Ladakh, eneo ulimo huo mji wa Leh, lakini mwinuko ni mwinuko, nami nikiisoma ratiba hii sitazami vilele hata kidogo, natazama vitanda.

Watu huogopa kimo cha Khardung La. Kibao cha pale kwa miaka mingi kimesema futi 18,380, ambazo ni mita 5,602, ilhali vipimo vya setilaiti vinatoa takriban 5,359. Hata tukikiamini kibao, bado ni chini ya kilele chetu cha Uhuru, mita 5,895. Unapita hapo, unapiga picha, unakaa dakika 15, unateremka Nubra kulala kwenye mita elfu tatu na kidogo. Mwili huvumilia hilo kama ulikwisha kuzoea. Kinachoumiza ni kulala juu. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike mahali pamoja. Toka Jispa hadi Sarchu ni mita 1,090 kwa usiku mmoja, na hayo ni maradufu.

Nisiwe mnafiki. Njia ya Marangu nayo huvunja kanuni hiyo, kwani kambi ya Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, na ndiyo sababu tunawasihi wageni walipie siku ya ziada pale Horombo. Lakini mgeni wangu akizidiwa Kibo, namgeuza usiku ule ule, na kila hatua anayopiga inamteremsha. Nimeitazama ramani ya Sarchu. Nyuma kuna Baralacha La, karibu mita 4,890. Mbele kuna Nakee La, Lachung La inayopita 5,000, halafu Tanglang La yenye 5,328. Yaani mgonjwa wa Sarchu hawezi kwenda chini bila kwanza kupandishwa juu. Kwa maneno mengine wanawalaza watu ndani ya bakuli. Nashangaa ratiba hii inauzwa.

Ningekuwa wewe, ningeomba njia ya Srinagar, mji wa Kashmir. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,600 hivi, unavuka Zoji La ya mita 3,528 mchana, unalala Kargil karibu 2,700, kesho yake unavuka Fotu La, 4,108, na kuingia Leh. Mwili unapanda ngazi, haurukishwi.

Msafiri wa Matrah

Ndugu Pole, hesabu yako naikubali, lakini Kashmir ina mambo yake. Hali ya usalama hubadilika, serikali nyingi huwapa raia wao tahadhari juu ya eneo hilo, na bima nyingine hukataa kulipa ukienda mahali palipopigiwa tahadhari. Kwa bima hizo hizo, Ndugu Nanga, soma herufi ndogo: nyingi hazilipi ajali ya pikipiki inayozidi sisi 125, na nyingine zina kikomo cha mwinuko.

Ipo njia ya tatu. Ruka kwa ndege kutoka Delhi hadi Leh, upumzike siku tatu kamili bila kugusa pikipiki, ukodishe Leh kwenyewe. Vyama vya wakodishaji wa Leh haviruhusu pikipiki zilizokodiwa nje ya Ladakh kuzungushwa Nubra na Pangong, kwa hiyo hata huo msafara wenu utalazimika kubadilisha pikipiki hapo. Muulize mwandalizi kama gharama hiyo imo. Kibali cha wageni cha kuingia maeneo hayo huombwa kupitia wakala aliyesajiliwa. Na laini ya simu ya kulipia kabla uliyoinunua Delhi haitafanya kazi Ladakh.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu Nanga, nimesoma yote nikingoja mtu aulize swali hili, na hajatokea. Je, katika ukoo wenu kuna mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell)?

Sisi watu wa pwani, na wale wa kanda ya ziwa, tunao wengi wanaobeba kinasaba hicho kimoja bila kujijua, kwa sababu mbebaji haumwi. Anacheza mpira, anapanda pikipiki, anazeeka. Lakini penye oksijeni haba, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea ni maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka. Viongozi wa safari za huko wanaweza kuyadhania kuwa ni tumbo la kuhara, wakampa chumvi na sukari.

Kuhusu acetazolamide, ambayo watu huijua kwa jina la Diamox, kinga ya kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini usiinunue dirishani tu. Mweleze daktari kama una mzio wa dawa za salfa. Hukojoza sana, na hutia ganzi ya kuchomachoma vidoleni, jambo ambalo mshika klachi anapaswa kulijua mapema asije akadhani ni baridi. Ijaribu nyumbani siku mbili.

Na kwa kuwa unatoka Kenya, chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku kumi kabla ya kuingia India. Bila cheti utawekwa karantini.

Nanga wa Makupa

Mama, swali lako limenikalisha chini. Mtoto wa dada yangu, tumbo moja baba mmoja, ana selimundu, na tangu azaliwe tumekuwa tukimpeleka kliniki bila hata mmoja wetu sisi wajomba kufikiri kwamba damu ile ni yetu pia. Nitapimwa Jumatatu, inshallah.

Mwandalizi nimemwandikia. Nilimwuliza kama Sarchu inaweza kuondolewa, akajibu kwamba wageni wote huipenda kwa sababu ya nyota. Nilimwuliza juu ya mtungi, akasema upo. Nikamwomba picha ya kipimo cha presha cha mtungi huo, na hadi sasa hajajibu.

Muuguzi Mstaafu

Dada yako ni mbebaji kwa hakika, maana mtoto huchukua kinasaba kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Wewe unaweza kuwa au usiwe. Omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, siyo kile cha haraka cha kuangalia wingi wa damu tu.

Nanga wa Makupa

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa. Majibu yametoka, mimi ni mbebaji. Daktari hakunikataza, ila amesema nisilale juu ya mita 3,500 na nisijichoshe wala kukosa maji, na amenipa barua ya Kiingereza ya kuwekwa mfukoni mwa jaketi inayotaja bandama kwa herufi kubwa.

Arbuni sikutoa. Nimepata kikundi kingine cha watu sita, kinachokutana Leh mwishoni mwa Agosti, kinachopumzika siku tatu na kulala Nubra mara mbili. Khardung La tutavuka kwenda na kurudi. Pangong sitakwenda, na wenzangu wakienda nitawangoja Leh nikinywa chai. Mwandalizi wao nilipomwuliza juu ya mtungi, alinitumia video fupi akiufungua mbele ya kamera, na mvumo wake niliusikia. Mke wangu ameitazama mara mbili, kisha akaniuliza jaketi la baridi nitalipata wapi Mombasa.

Spana Kumi

Jaketi litafute Gikomba, Nairobi, kwenye marobota ya nguo za theluji. Glovu usinunue za mtumba; nunua mpya, kubwa kwa saizi moja, ili uvae nyingine nyembamba ndani. Pikipiki ni ipi?

Nanga wa Makupa

Ni ile ya 452. Nikiiketi miguu inafika chini, nimeijaribu dukani. Kuiinua bado.