Muhuri umegongwa, ini limejaa minyoo. Nani aliyeikagua hii nyama?

Jamani, leo simung'unyi maneno.

Ijumaa asubuhi nilinunua nyama na nusu kilo ya ini, hapa hapa Pemba, soko silitaji. Mke wangu analikata ini, kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Mirija ya nyongo imekakamaa, akiiminya wanatoka minyoo bapa kama vijani. Nikalirudisha. Muuzaji wala hakushtuka: "Yakhe, kwani muhuri hukuuona pajani?"

Muhuri niliuona, tena umekoza wino. Aliyeugonga alilipasua hilo ini? Nikadadisi pale pale. Kumbe ng'ombe anachinjwa alfajiri, bwana afya anafika saa mbili, maini na mapafu yashagaiwa wateja. Anakuta mapaja yananing'inia, anagonga, anapanda pikipiki yake.

Huo ndio ukaguzi? Mnyama hutazamwa kwanza angali hai, asije akawa na homa. Akishachinjwa, kichwa na vya tumboni havitenganishwi na mzoga wake mpaka mkaguzi amalize, maana tezi za pafu zikikutwa na usaha uliogandana kama chokaa, huenda ni kifua kikuu, na hapo paja nalo lina maswali yake. Misuli ya taya hupasuliwa kutafuta vifuko vya tegu, yule mnyoo wa tumboni anayemwingia mtu kwa nyama isiyoiva. Ulimi na moyo vilevile. Sasa kichwa kishauzwa, anapasua nini?

Najua atatokea mjuzi aseme minyoo ya ini haimwingii mtu kwa kula ini. Kweli, mtu huipata kwa maji na majani mabichi ya bondeni. Lakini aliyepitwa na mnyoo wa urefu wa kidole, atakiona kifuko cha tegu kama punje ya mchele? Na mishikaki yetu mnaijua, nje imeungua ndani mbichi.

Na msiniletee la "kachinjwa halali". Mchinjaji kafanya yake, kaelekea kibla, kapiga Bismillahi, simlaumu. Tegu haondoki kwa hilo.

Kinachoniuma zaidi, muuzaji anasema kila ng'ombe analipiwa ada ya ukaguzi. Ada ya kugongewa wino?

Walioko Wete, Chake na Mkoani, na nyie wa Unguja: kwenu bwana afya anafika kabla tumbo halijafunguliwa, au anakuta mapaja kama kwetu? Pesa yangu ya ini mpaka leo sijarudishiwa.