Marangu imenyesha, Himo kukavu: modeli gani itaiona tofauti hii?

Zamu_ya_Mfongo
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Napanga zamu za maji kwenye mfereji wetu Marangu. Tuna vipimamvua viwili, kimoja Marangu kwenye mita 1,450 hivi, kingine chini Himo. Kati yao hakufiki kilomita 15. Aprili iliyopita kuna siku nilisoma milimita 38 juu na 3 chini. Wa Himo wananililia maji, na ramani inaniambia wamenyeshewa sawa na sisi!

Nimejaribu ERA5, hali ya hewa iliyokokotolewa na modeli ya kompyuta kwa visanduku vya ramani, ila kisanduku chake kimoja, upana wa kilomita 31 hivi, kinameza vijiji vyote viwili. CHIRPS, makadirio ya mvua kwa setilaiti na vipimamvua, visanduku vyake ni kilomita 5 hivi, ila siku za manyunyu ya kutwa inasema hakuna mvua. Rafiki anayesoma Uingereza akanipa programu ya kutunga mvua ya saa kwa saa, imepimwa kwa data za huko. Inanipa mvua nyembamba ya saa nane mfululizo, na Himo masika hainyeshi hivyo. Nakosea wapi?

Msomaji_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimesoma kipimamvua miaka 22, na swali lako ndilo lililonifanya nijifunze kompyuta uzeeni.

Anza na CHIRPS. Msingi wake ni setilaiti inayopima ubaridi wa kilele cha wingu: kilele baridi maana yake wingu refu, wingu refu maana yake mvua. Sasa kusi likivuma likapandisha unyevu kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, wingu halihitaji kurefuka ndipo linyeshe. Kilele kinabaki vuguvugu, setilaiti inalipita. Wewe chini umelowa.

Programu ya rafiki yako naifahamu jamii yake. Mwaka 1987 Rodriguez-Iturbe, Cox na Isham walipendekeza mvua ichukuliwe kama mapigo: dhoruba inafika bila ratiba, inazaa vipande vya mvua, kila kipande kina muda wake na ukali wake. Wazo hilo linafaa hata kwetu. Kisichofaa ni namba za Uingereza, ambako mvua nyingi huletwa na mawingu mapana yanayosafiri kutoka Atlantiki, vipande virefu na vyepesi. Himo kipande ni kifupi na kikali. Usihamishe namba, zipime upya kwa data zako, masika peke yake, vuli peke yake. Na usichanganye Marangu na Himo kwenye kapu moja, maana hata kwenu mvua ni za aina mbili.

Kwa hilo unahitaji kipimo cha kujirekodi, kile cha vikombe vinavyopinduka kila milimita 0.2. Jumla ya siku haikuambii kama milimita 38 zilishuka kwa dakika 40 au kwa usiku mzima, na kwa mfereji hiyo ni tofauti kubwa sana.

Jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau: unasoma saa ngapi?

Dagaa_Mwanza
Naongezea kutoka ziwani. Huku dhoruba kali hupiga usiku: upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea majini, unakutana katikati ya Ziwa Victoria na kuinua mawingu, wakati wenzetu wako kwenye karabai wakivua dagaa. Modeli za visanduku vikubwa haziwezi kuliona wingu moja la radi, kwa hiyo hukadiria kwa kanuni, na mara nyingi huleta mvua nyepesi mapema, karibu na adhuhuri. Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza ilipoendesha modeli ya Afrika nzima kwa visanduku vya kilomita 4.5, iitwayo CP4-Africa, mawingu yaliachwa yakue yenyewe, na saa za mvua zikakaribia ukweli zaidi. Kwetu saa ni uhai.

Zamu_ya_Mfongo
Asante Mzee, asante ndugu. Nasoma saa 3 asubuhi.

Msomaji_Mstaafu
Ndivyo inavyotakiwa. Lakini siku ya ERA5 huanza saa 6 usiku ya Greenwich, yaani saa 9 usiku kwetu. Mvua ya saa 11 alfajiri wewe unaiandika siku ya jana, wao wanaiweka leo. Zioanishe kwanza kabla ya kuilaumu modeli.

Zamu_ya_Mfongo
Nimeoanisha Aprili yote jana usiku. Siku kadhaa nilizodhani ERA5 imekosa kabisa, mvua ilikuwepo, imesogea siku moja tu. Ile ya 38 na 3 bado haionekani. Tutachanga tununue cha kujirekodi, na tuongeze kimoja juu karibu na msitu. Mzee, cha Marangu kipo mita 3 kutoka kwenye migomba. Ni tatizo?

Msomaji_Mstaafu
Ni tatizo. Mgomba wa mita 4 unataka umbali wa mita 8 angalau. Kihamishe kabla vuli haijaanza, na uandike tarehe uliyokihamisha.